Kanga zako zinarudi kila Jumamosi

Mama,

Shangazi alikuja na mfuko. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu najua ungeniuliza. Arobaini yako ilipopita, wanawake wa ukoo walikusanyika hapa nyumbani, mtaa wetu wa Jabe, kugawana nguo zako kama ilivyo desturi yetu, na shangazi, dada yake baba, alikuja na mfuko mkubwa kuliko wote. Wewe ungecheka. Mimi nilishindwa hata kumpokea vizuri.

Maana lile sanduku la kanga, Mama, lilikuwa shule yetu. Shule zilipofungwa kwa ajili ya vita, ulilifungua sebuleni, ukatuambia mimi na ndugu yangu Saidi, na Nadine wa jirani, tuchague kila mtu kanga moja. Tusome maneno yake, kisha tuandike hadithi kwa Kiingereza: nani aliinunua, alitaka nani ayasome maneno hayo, na kwa nini. Ulikuwa muuza kanga sokoni, ulijua hakuna mwanamke anayenunua maneno bure. Halafu kulikuwa na sharti lako jingine: ndani ya hadithi lazima watu wale. "Hadithi haina chakula, nani atakaa asikilize?" Siku zile sokoni hakukuwa na kitu, lakini madaftari yetu yalijaa pilau na samaki mukeke wa kukaanga. Saidi aliwahi kuandika ukurasa mzima wa mandazi, mtu akatokea mwishoni tu, kuja kuyala. Ukampa alama zote.

Majirani walikusema sana. Kiingereza cha nini, na mitihani ni ya Kifaransa? Wewe, uliyesoma Kampala kabla baba hajakuoa, uliwajibu bila kuinua macho: "Vita itaisha. Watoto yangu watauzisha nani, nyiye peke yenu?"

Risasi zilipoanza kusikika milimani upande wa Kanyosha, ulitulaza sakafuni. Ulitutandikia kanga yako ya kazi, ile uliyombebea Saidi mgongoni, ikafuliwa na kufuliwa hadi maandishi yake yakafutika. "Mulale chini, lakini kalamu isilale," ulisema, ukaendelea kututajia maneno ya Kiingereza: kijiko, dirisha, kesho. Nilipokuambia siwezi, ulinishika mkono. "Apana, mama. Andika kwanza, utalia nyuma."

Sikulia, Mama. Nilikuwa namtafutia mwanamke wa hadithi yangu cha kupika.

Sasa utaelewa kwa nini mfuko wa shangazi ulinitia baridi. Tangu presha ilipokulaza, darasa la Jumamosi, uliloendelea nalo hata shule zilipofunguliwa, naliendesha mimi, na watoto wameongezeka hadi wengine wanakaa kizingitini. Kanga zikienda, ningewafundisha kwa kitu gani? Lakini ndugu humnyimi haki yake ya msiba.

Shangazi akachomoa ile ya Hasidi Hana Sababu, akaanza kuikunja. Nadine alikuwa anamimina chai. Siku hizi ni mtu mzima, anaimba kwaya kanisani kwao, lakini mdomo wake ni uleule. "Shangazi, iyo ni ya mama mwenye kupikia adui yake ndagala." Shangazi akasimamisha mkono. Alimpikia juu ya nini, kwa sababu gani? Nadine akaketi, akaisimulia yote, ile aliyoiandika hapa sakafuni akiwa mdogo: jinsi adui alivyokuja kuomba chumvi, akakaribishwa dagaa hao, akala hadi akasahau alichokuwa anachukia. Wanawake walicheka mpaka chai ikapoa. Kisha mwingine akauliza, na hii yangu je? Na mwingine. Hata Saidi alitolewa uani kuja kueleza mandazi yake.

Alasiri ilipoadhiniwa, shangazi alisimama na mfuko wake. Alisema, na maneno yake nayashika hadi leo: "Mi nabeba yangu, ni haki yangu. Lakini mujukuu wangu atakuya nayo kila Jumamosi, aijue." Wengine wakafuata palepale, si unawajua wale, hakuna anayekubali mjukuu wa mwenzake ajue zaidi.

Basi ndivyo ilivyo. Kila Jumamosi kanga zako zinaingia mlangoni mabegani mwa watoto, wengine ni wadogo na wanaziburura. Yule wa shangazi ndiye anayewahi kuliko wote. Wa kule mbali, mtaa wa Carama, huchelewa, na siku njia ikifungwa hawaji kabisa, tunabaki tunaitazama nafasi yao.

Ahsante, Mama. Nilidhani ulikuwa unatufundisha ili muda upite. Kumbe ulikuwa unatupa kitu ambacho hakuna mfuko unaoweza kukibeba, na mimi nakula matunda yake kila wiki, nashukuru kwa moyo wangu wote.

Ile kanga ya kazi hakuna aliyeitaka. Imechakaa na haina neno. Nimeichukua mimi, na kwa sheria yako, mwenye kanga anaandika hadithi yake. Nimeiandika, kwa Kiingereza: nani aliinunua, nani alitandikiwa, na kwa nini. Nililia kwanza ndipo nikaandika. Nisamehe, nimegeuza utaratibu.

Naahidi darasa halitafungwa, milima ikilia au ikinyamaza. Jumamosi nitawasomea watoto hadithi yako. Lala salama, Mama, Mungu akupanulie kaburi lako. Wala usiwe na wasiwasi.

Chakula kwenye hadithi nimeweka.

Mwanao,
Zaituni