Maji ya Nyumba Kumi na Moja

2 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua. Wewe je? Huko maabara wanakupa nafasi hata ya kula?

Juzi alipita karani wa takwimu. Anasema mji wetu sasa una watu elfu sitini na mbili. Nilimcheka. Nilipochimba kisima hiki tulikuwa nyumba kumi na moja, na marehemu mama yako alimjua hadi mbuzi wa kila mtu. Siku hizi wapangaji wamejazana, vyoo vimechimbwa mpaka nyuma ya ukuta wangu, mabomba ya manispaa yamekauka, na mtaa mzima unachota kwangu. Bure. Mwalimu mkuu anawafundisha watoto kwamba mji ulianzia hapa uani.

Nimempa dereva wa lori chupa ya maji ya kisima, uonje ya nyumbani.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Pole na goti, usilipandishe ngazi.

Maji sikuyaonja. Nimeyapima mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Yana vijidudu vya kinyesi, vingi. Vile vyoo viko karibu mno. Baba, kifunge kisima leo hii, na waambie majirani wachemshe hata ya kuoshea vyombo. Nimemwandikia pia bwana afya wa manispaa, lakini usimsubiri.

Najua kisima hicho ni nini kwako. Nakuomba hivyo hivyo.

Binti yako

8 Machi

Shikamoo Baba,

U mzima? Sijapata jibu lako. Dereva anasema foleni ya ndoo bado iko mlangoni kwako. Nimemwambia labda hakuangalia vizuri. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Naona haya kuliandika jambo hili.

Barua zako zilifika zote. Ile ya kwanza niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Nilijisemea, huyu kasoma mpaka kasahau maji yaliyomkuza. Nikasema bomba likirudi nitakifunga kisima. Halikurudi.

Kuhara kulianzia kwa fundi cherehani, nyumba ya pili. Mkewe alifariki asubuhi, kitinda mimba wao jioni. Wakafuata wengine. Hadi leo mtaani tumezika kumi na wanne. Bwana afya alikuja tulipokwisha kuzika sita.

Kisima nimekifukia mwenyewe kwa koleo, siku mbili. Hakuna aliyenisaidia, na sikumwomba mtu.

Jana nilikwenda kwa fundi na barua yako mkononi. Nikamwambia, "Hii ilinifikia siku tisa kabla mkeo hajaugua."

Aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia. "Mzee, na wewe uliyanywa maji hayo?"

"Niliyanywa."

"Hukuugua?"

"Sikuugua."

Akarudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona. Nilikaa pale kizingitini mpaka alipofunga duka. Hakunifukuza.

Umemwambia dereva kwamba unataka kuja kunichukua. Usije, mwanangu. Kesho nitakwenda tena kukaa pale.

Baba yako