Vitambaa vya Kijani

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekupunguzia adhabu ya kuinamia cherehani. Msalimie shemeji, nasikia kaacha sigara tena, na safari hii sicheki. Mimi afya ninayo, moyo ndio unaosuasua.

Uliniuliza vile vitambaa ulivyonitumia vimefanya kazi gani. Niliwafundisha wanafunzi wa klabu yangu ya mazingira kwamba sweta zao za sare zikifuliwa hutoa nyuzi za plastiki zisizoonekana kwa macho, zikaenda mtoni, zikaingia kwa samaki na mwisho matumboni mwetu. Nilitarajia wapige miayo. Kumbe binti mmoja wa kidato cha pili, tunayemwita Daktari kwa ukali wa akili yake, akalivalia njuga. Alilishawishi bweni zima lifulie kwenye karo moja, na mdomoni mwa bomba la kutolea maji machafu akafunga vitambaa vyako, maji yachujwe kabla ya kuingia mtaroni. Wenzake walimkejeli kwamba anawafulia samaki. Hakujali. Kila wakimaliza, yeye ndiye aliyebaki kukwangua uchafu na kuutia chupani. Mkuu wa shule, ambaye hajawahi kusifia hata mvua, aliahidi kwamba akiona matokeo atanunua vichujio vya mabweni yote.

Wiki iliyopita Daktari aliyapima maji kwa hadubini mbele ya mkuu, yaliyochukuliwa kabla ya kupita kwenye kitambaa na yaliyochukuliwa baada. Yale ya baada yalikuwa na nyuzi nyingi zaidi, na nyingi zilikuwa za kijani. Sweta zetu ni nyekundu, dada. Mkuu alicheka, akasema klabu imekwisha, watu warudi kwenye mambo ya mtihani. Binti akanigeukia.

"Mwalimu, hiki kijani kinatoka wapi?"

Nikamjibu sijui.

Nilijua palepale. Ni vitambaa vyako, mabaki ya yale mapazia ya kijani uliyoshona, poliesta tupu, yaani plastiki. Muhula mzima tumechuja maji kwa kitu kinachoyachafua. Wewe huna kosa. Mimi ndiye niliyekuandikia unitumie kitambaa chochote, mimi na shahada yangu ya sayansi. Nilimwonea haya mkuu, nikamwacha mtoto wa watu achekwe peke yake.

Jana nilijikaza nikamwambie. Nikakuta vitambaa vimeshafunguliwa, vimefuliwa na kukunjwa vizuri juu ya meza yangu, naye amesimama kando. Alikuwa amekwisha kuchomoa uzi mmoja wa vitambaa hivyo na kuuweka kwenye hadubini.

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe," alisema, akaenda zake.

Leo wamefua kama zamani. Nimesimama nikaangalia povu likiishia mtaroni, na simwoni wa kulizuia tena. Ila ukipata kipande cha pamba tupu, hata shuka kuukuu, nitumie. Mto nimeshaukatia tamaa. Sitaki tu kwenda kumwomba radhi yule binti mikono mitupu.

Wasalimie watoto wote, na yule mdogo umfinye shavu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Kiherehere