Kabila ya Kirusi

Jules, uko? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya sana.

Leo daktari wa mifugo alikuja hapa kambini Sake na majibu ya vipimo vya mbwa wa Mama Kaswera, yule aliyemng'ata binti yake Masika. Ni kichaa cha mbwa kweli. Daktari aliongea Kifaransa, mimi nikatafsiri. Unanijua, nilijiona mwenye maneno yote.

Akasema kirusi hubadilika kidogo kidogo kinapohama, kama lafudhi ya mtu, kwa hiyo maabara inajua kimetoka wapi. Halafu: "La souche vient de Walikale."

Souche. Ningesema mbegu. Ningesema aina. Jules, nilisema kabila. Mbele ya wakimbizi wote, kwa sauti yangu ya mashairi: "Ugonjwa huu kabila yake ni ya Walikale."

Papa Viateur, mmoja wao, akauliza, "Kabila gani? Sema."

"Ni kirusi, Papa, si watu."

Akacheka. "Na nani alikimbia Walikale na imbwa? Si huyu?"

Wote wakamgeukia Mama Kaswera. Alimfunga Masika mgongoni, akatoka.

Nilimkimbilia. Nikamwambia mtoto bado ana sindano za kichaa zilizobaki, asipozimaliza anaweza kufa.

"Kaka, sindano ni ya kesho," akasema. "Hawa wataniacha nifike kesho?"

Kabila, Jules. Mimi njo nilisema, si daktari.

Sasa hema lao ni tupu. Muuguzi ananiuliza Masika yuko wapi, na mimi naogopa kufungua mdomo.