Baba, Sahani ya Mashine Yako Sasa Inaingiza Chaji

Baba,

Nianze na habari ambayo ingekunyima usingizi. Mama na jirani yetu Mzee Nestori waliacha kusalimiana.

Kiangazi hiki moto wa nyasi ulipita shambani ukala ile mistari ya mulamula mliyopanda wewe na Mzee Nestori iwe mpaka. Haikubaki hata shina moja. Mvua ilipokaribia, kila mmoja akaja kulima na mpaka wake kichwani. Mama akasimama kwenye kichuguu akasema, "Mupaka ni hapa. Fasi ya marehemu bwana yangu haiwezi kutembea!" Mzee Nestori akavua kofia, unajua anavyovua kofia akikasirika, akasema, "Mama Furaha, mimi udongo yako siutaki. Nataka yangu." Yule mzee aliyekuchimbia kaburi, Baba, akawa anapita mbele ya nyumba yetu akiangalia upande wa pili.

Wote wawili walikuwa wanajua kwamba chini ya mulamula mlizika jembe bovu, ili miti ikifa chuma kibaki. Mzee Nestori alikumbuka siku yenyewe, hata ugali mliokula. Fasi, mahali penyewe, ndiyo aliyoisahau. Na kuchimbachimba ovyo kulitafuta hakukuwezekana, maana mtu akiinua jembe kwenye udongo unaogombaniwa, ugomvi tayari.

Nikasema, kuna mashine ya Baba, ile inayolia ikikuta chuma ardhini.

Niliitoa chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitenge cha Mama cha harusi. Kile kidude cha mkononi nilikichaji kwenye sola yetu, kikawaka vizuri. Lakini ile sahani ya duara inayohisi chuma, ile isiyo na waya, yenye betri yake ndani, haikukubali. Nilibana kibanio chake cha kuchajia, taa haikuwaka. Nikadhani ni mawingu. Nikaipeleka Rwekubo kwenye duka la kuchaji simu, wakabadilisha waya, wakabadilisha na kichwa cha chaja, hakuna kitu. Kijana wa pale akaniambia, "Betri imekufa, dada. Hiyo tupa." Niliibeba nikarudi nayo nyumbani mikononi, sikutaka kuiweka hata kwenye mfuko. Kumbe nilikuwa bado... Basi, unanielewa.

Mama akaniambia niende Mbarara kwa Afande, yule askari mstaafu. Bado anaishi karibu na kambi ya jeshi, magoti yake ni yale yale yaliyomfanya akupe hiyo mashine. Alipofungua mlango hakuniambia pole. Alinishika mkono, akauliza, "Wewe binti ya Mzee, umekula?" Nilikula kwanza. Ndipo akaanza kuniuliza polepole.

"Hii kidude ya mkono inachaji?"

"Inachaji, Afande."

"Na waya hiyo hiyo moja?"

"Hiyo hiyo."

"Basi umeme iko. Shida iko kati ya waya na betri. Lete hiyo sahani."

Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza puani, akanusa. Akanusa tena. "Eh! Mbona inanukia mtoto mchanga? Nani alipaka mashine mafuta kama mtoto ya kupeleka kliniki?"

Ni Mama, Baba. Unakumbuka ulivyokuwa ukipaka majembe mafuta kila msimu ukiisha, ukisema chuma kinachokaa bila kazi kinahitaji kubembelezwa? Matanga yalipokwisha, Mama alikusanya vitu vyako vyote, jembe, panga, baiskeli na mashine, akavipaka mafuta ya watoto, yale ya kopo, kimoja kimoja. Hakuruka kitu. Hata vile vidoti viwili vya shaba ambapo kibanio kinagusa sahani alivipaka vizuri sana. Vumbi la hapa Nakivale likaja likaganda juu yake kama ngozi. Umeme ulikuwa unafika mlangoni na mlango umefungwa.

Afande alicheka mpaka akashika goti. Akasema, "Hii haijakufa. Hii imependwa sana." Akafuta vidoti kwa pamba na spiriti, akavisugua taratibu kwa kifutio cha penseli mpaka shaba ikang'aa. Na upande wa kibanio vilevile, ambapo mimi nisingefikiria kuangalia. Taa ikawaka nyekundu, ikazima. Akabonyeza kibanio kwa kidole, ikawaka. Akaachia, ikazima. "Sasa shida ya pili. Spring imechoka kama mimi." Akakata mpira wa baiskeli, akauzungushia kibanio ukakaza, na taa ikabaki imewaka. Tulikaa tukiitazama kama watu wanaotazama mgonjwa akinywa uji. Ilipogeuka kijani aliniambia, "Kila ukitoka shamba, panguza hapa kabla ya kuchaji. Mafuta, mama yako apake mikono yake."

Kuna jambo moja sikumwambia Afande. Fimbo ya mashine ilikuwa bado kwenye kimo chako. Ilibidi niifupishe ili niweze kuishika. Nilifika nyumbani, nikaweka kidole kwenye ile pini, na nikashindwa kuisukuma. Niliisukuma kesho yake.

Siku ya kutafuta, majirani walikuja kana kwamba ni mpira. Mama upande wake, Mzee Nestori upande wake, mimi katikati na visikilizio vyako masikioni. Niliisogeza sahani polepole, karibu na udongo, maana ulikuwa ukiniambia, "Piga pasi, mwanangu, usifagie." Ilinililia msumari. Ikanililia kopo la samaki, nikalichimbua, watu wakacheka. Nilipita kwenye kichuguu cha Mama, kimya. Nikapita tena, kimya. Nikaanza kusogea upande wetu, Baba, ndani ya mihogo aliyopanda Mama baada ya moto, na nikaanza kuelewa kwamba mpaka uko huku. Pale katikati ya mihogo ililia kwa nguvu mpaka nikafumba macho. Ningeweza kupita tu. Visikilizio vilikuwa masikioni mwangu peke yangu.

Nikasimama. Nikasema, "Ni hapa."

Walipiga magoti wote wawili wakachimba kwa mikono. Jembe lilitoka limeliwa na kutu, tundu la mpini limejaa mizizi. Mama alilishika muda mrefu. Niliogopa. Halafu akasema, "Ni lake. Mimi ndiye nilikosa. Mzee, mihogo hii ni yako."

Mzee Nestori akavua kofia. "Yangu namna gani? Aliyepanda ni wewe. Vuna, halafu upike majani uniletee sombe. Lakini tia mawese mingi, ile ya mwaka jana ilikuwa dawa."

"Dawa? Na sahani ulilamba!"

Hivyo ndivyo salamu zilivyorudi, Baba, kwa matusi ya sombe. Walilirudisha jembe shimoni pamoja, na jana wamepanda miche mipya ya mulamula juu yake. Leo kila mmoja anapanda maharage yake, wanaitana. Shamba letu limepungua mistari kadhaa. Mama analala usingizi mzuri.

Pumzika sasa, Baba yangu. Watu wameanza kuniita hapa na pale, mmoja kapoteza ufunguo, mwingine ana mpaka kama wetu. Nitakwenda. Nakuahidi kwamba popote itakapolia nitasimama niseme ni hapa, hata kama nimesimama ndani ya mihogo yetu.

Mtoto wako,
Furaha