Mkono Mlimani

Mafinga, Jumapili

Kaka Liberatus,

Kamwene. Sisi tu wazima, ila baridi. Safari yetu ya baiskeli kutoka Mbeya kwenda Iringa inaendelea, na wadogo zetu, Anord na Eveline, wananiacha mbali. Miguu yangu unaijua.

Jana, mlima wa kuingia hapa, ndani ya ukungu, mtu alinisukuma mgongoni kama ulivyozoea kunisukuma wewe, kisha akanigonga begani mara mbili, vilevile. Nikasema, “Asante, Anord.” Nilipofika juu niliwakuta wote wawili wamekaa, chai yao imeshapoa. Nyuma yangu barabara ilikuwa tupu.

Simu yako haipatikani tangu uondoke kwenda Mgololo. Mama sijamwambia kitu.

Nijibu, kaka, hata mstari mmoja. Lakini uandike kwa mkono wako.

Mdogo wako,
Rozalia