Folda ya Mama Iwekwe Wapi?

Jumanne. Hapa Lusahunga kuna rasharasha tangu asubuhi, malori yamejipanga kando ya barabara na madereva wanakunywa chai. Nimefungua stesheneri lakini sina hamu ya mteja. Anayekuja kutoa kopi namhudumia bila hata kumtazama usoni.

Kwenye kompyuta kuna kisanduku kinaniuliza swali moja tu: folda ya kazi iwekwe wapi?

Nimekikodolea macho mpaka chai yangu imepoa.

Nieleze, kwa anayepita hapa mara ya kwanza. Mimi na binamu yangu Odilia, aliyeko Mwanza, tunatengeneza programu ya simu ya kuwafundisha watoto Kihangaza. Sauti ni ya mama yangu. Nilikuwa namrekodi nyumbani Kibimba, Odilia anapanga. Nakala kuu iko kwenye seva, na kila mmoja wetu ana folda yake ya kazi kwenye kompyuta yake. Ukimaliza kazi unatuma, na kila badiliko linatunzwa huko. Usipotuma, kazi inabaki kwenye folda yako peke yake.

Diski ya kompyuta imegawanywa sehemu mbili, C yenye Windows na D, na huku kwetu vitu vya maana vinakaa D. Kompyuta ikianza kusumbua, fundi anapiga Windows upya, C inafutwa yote, D haiguswi. Hata mwanafunzi wa sekondari anajua hilo. Mimi folda yetu niliiweka kwenye desktop, ambayo ni C hiyohiyo, na niliiweka kwa makusudi. Mama hakujua kusoma, alitaka kuiona. Nikiwasha tu, anaigusa kwa kidole, na kioo chenyewe si cha kugusa, halafu ananigeukia nimfungulie asikie sauti yake. Alikuwa anajicheka mpaka anajifuta machozi kwa khanga.

Sijutii. Naandika hivi huku nalia, lakini sijutii.

Wiki yake ya mwisho tulirekodi maneno ya shambani, ya kupalilia na ya kuvuna. Mtandao wa Kibimba ukagoma, sikuweza kutuma. Kisha mama akazidiwa, na baada ya hapo ukawa msiba. Nani anakumbuka kompyuta na mama yuko ndani amelazwa?

Wageni wa matanga walikuwa bado hawajaondoka, kaka yangu Gervas akataka kuhifadhi picha za mazishi kwenye kompyuta yangu, akaikuta nzito. Kaka ni mtu wa kusaidia kabla hajaombwa. Akaipeleka kwa fundi. Fundi, kama ilivyo kawaida yao, akamuuliza, "Kaka, vitu vyenu viko D?"

"Viko D," kaka akajibu. Vingekuwa wapi kwingine?

Akanirudishia akiwa na furaha ya kunipunguzia jambo moja. "Sasa inakimbia, mdogo wangu." Nikamshukuru. Niliifungua wageni walipoondoka, nikakuta desktop tupu, na mpaka leo sijamwambia. Naye kafiwa na mama.

Maneno ya shambani ndiyo yamekwenda hivyo.

Yale tuliyotuma kabla ya hapo yapo kwenye seva, na ndiyo ninayoyashusha leo. Odilia alinipigia jana. "Dada, safari hii weka D. Nakuomba." Ana haki kabisa. Tatizo si kwamba sijui. Kila nikitaka kubonyeza D, naona kama mimi ndiye ninayetangaza kwamba hakuna tena mtu wa kuitafuta folda ile kwa macho. Kwenye mazishi nilistahimili, watu wakanisifu kwamba nina moyo. Kumbe moyo wenyewe ulikuwa unasubiri kisanduku hiki.

Nimeiweka D.

Mafaili yameshuka moja moja, polepole, mtandao wenyewe wa mvua. Yalipokamilika nikafungua moja bila kuchagua. Mama anatamka neno, analirudia taratibu ili watoto wasikie vizuri, halafu ananiuliza kwa Kihangaza kama nimelihifadhi. Namsikia mtu anamjibu haraka, mtu mwenye shughuli zake, na mtu huyo ni mimi: ndiyo mama, lipo salama, sema lingine.

Nimezima hapohapo. Mengine nitayasikiliza kesho, nikishafunga mlango wa duka.