Hewa ya Jumatano

Jumatatu, 4 Machi

Bosi kasema bomba la kompresa lihame. Lile linalovuta hewa ya kujazia mitungi ya wapiga mbizi. Eti linavuma, wageni hawapumziki kibarazani. Nikamwambia, upande wa pili kuna moshi wa jenereta. Akasema, jenereta tunawasha mara ngapi kwa mwezi? Nikalihamisha. Mimi kibarua tu.

Binti yangu kapita kuuliza mitungi. Anakodi! Mwaka juzi alikuwa mwalimu wa mbizi wa duka hili hili. Wakampa wanafunzi wanane awashushe peke yake. Wanane, chini ya maji! Akawaachia fulana yao ya kazi, akaondoka. Sasa anafundisha kivyake, wawili wawili. Bosi hamjibu salamu. Walimu wa duka wananiita Baba Mshindani. Nacheka nao. Sipendi.

Jumatano, 6 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Jenereta mpaka saa nane. Nimejaza mitungi kumi na miwili. Kila mmoja nimeuziba mdomo kwa utepe, nikaandika tarehe. Mwandiko wangu mbaya lakini unasomeka.

Mara mbili moshi ulinijia puani. Nikaenda kwa Bosi. Yuko kwenye simu. Akanipungia mkono kama anafukuza kuku. Nikarudi kujaza.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yangu kachukua mitungi mitatu, yake na ya wanafunzi wawili. Walimu wa duka wakachukua mitano. Yote ya jana.

Saa nne wakarudi mbio. Mwanafunzi wake mmoja, mama wa makamo, kichwa kilimuuma vibaya huko chini, akatapika. Binti yangu alimshika mkono akampandisha pole pole, hakumwachia mpaka juu. Kapelekwa hospitali. Madaktari wanasema atapona.

Bosi akasimama mbele ya wageni: Mnaona? Mwalimu asiye na duka, nani anamsimamia? Shati lake limepigwa pasi! Na mitungi ni ya nani, si yake?

Nyuma ya stoo nikamkuta Kipara, mwalimu wa duka, kajishika kichwa, anameza vidonge viwili. Nikamuuliza, na wewe? Akasema, Mzee, sisi wa duka hatuumwi kichwa.

Upuuzi! Hewa ni moja, maji ni yale yale!

Ijumaa, 8 Machi

Barua ya chama cha walimu wa mbizi imefika. Leseni ya mwanangu imesimamishwa. Mkaguzi anakuja Jumatatu na kifaa cha kupima hewa. Asipoona kosa kwenye mitungi, kosa ni la mwalimu. Leseni kwaheri.

Binti kaja kwangu jioni. Kakaa kwenye kiti cha marehemu mama yake. Hakula. Akauliza, Baba, ile hewa ilikuwaje?

Nikasema, nzuri.

Nzuri! Mwanangu wa kumzaa! Mke wangu angekuwepo angenitoa nje nikalale na ndoo.

Jumamosi, 9 Machi

Bosi kaniita mapema. Rudisha bomba lilipokuwa. Halafu ile minne iliyobaki ya Jumatano, mwaga hewa yote, jaza upya, bandika tarehe ya leo.

Kumbe anajua! Anajua, na juzi kawaambia wageni kwamba msichana yule hana wa kumsimamia!

Nimerudisha bomba. Nimefungulia mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Unalia shiii mpaka unachoka. Wa nne sikuufungua. Nimeuzungushia blanketi, nikautia begani, nikatoka kwa geti la nyuma. Mzito ule.

Jirani kanikuta mlangoni. Shemeji, umenunua gesi?

Ndiyo, nikasema. Gesi.

Upo pembeni ya kitanda, palipokuwa na cherehani ya marehemu.

Jumapili, 10 Machi

Saa tatu asubuhi mlango umegongwa. Bosi! Miaka kumi na moja hajui ninapolala, leo kapajua. Miaka yote mimi "wewe wa kompresa". Leo "mzee wangu". Kakosa mtungi mmoja stoo. Hakusema hivyo. Kasema, kesho kabla mkaguzi hajafika njoo usaini mkataba wa kudumu, ukibarua umekwisha. Nikamwambia ngoja nivae shati. Nimeingia chumbani. Naandika huku nawasikia.

Binti yangu yuko sebuleni naye, alikuja kunipikia chai. Hajui kilichomo kwenye blanketi. Bosi anamwambia kwa upole, rudi dukani, nitaongea na chama, wewe ni mtoto wetu.

Anajibu, nirudi kwa wale wanane?

Safi! Mama yake kabisa!

Bosi kacheka. Sasa anasema, basi muulize mzee wako. Bomba alihamisha nani? Mitungi alijaza nani? Tarehe ni mwandiko wa nani?

Kikombe kimewekwa mezani.

Mshenzi huyu! Mikono ni yangu, kweli. Mdomo ulioamrisha ni wa nani?

Nimefunua blanketi. Utepe uko pale pale mdomoni. 6 Machi. Sita yangu imepinda kama ndoano. Nikitoka nao, kazi hakuna, na mwanangu atajua nilimdanganya. Nikikaa humu, atajua hivyo hivyo.

Baba? anaita.

Shati sijafunga vifungo. Nimeushika mtungi shingoni, nimeutia begani. Bado naandika, nimesimama, daftari juu ya kizingiti cha dirisha.

Kaita tena. Baba, ile hewa ilikuwaje?